Siku Mheshimiwa Alipotusomea Mafanikio Yake

Msaidizi wa mbunge wetu, mwanamke mwenye sauti laini, alinipigia simu nikiwa kazini, kwenye dawati la kupokea wagonjwa. Aliniomba nikatafsiri. Mbunge mwenyewe si wa kule Canberra, makao makuu ya Australia. Ni wa bunge la jimbo, linaloamua mambo ya hospitali, treni na nyumba za serikali. Kikao cha bunge kilikuwa kimefungwa, naye alikuwa akizunguka kueleza aliyoyafanya. Sisi Waafrika wa Campbelltown tunaoelewana kwa Kiswahili, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, tulipangiwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa.

Nilikubali bila kinyongo. Mbunge huyo nilishamwona mara moja, sebuleni kwa jirani yangu.

Jirani yangu ni mama wa Kikongo kutoka Uvira, analea binti mmoja mwenye pumu. Nyumba yao ya serikali ilikuwa na kuvu nyeusi iliyopanda ukuta wa chumba cha binti kutoka sakafuni hadi dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu kwa niaba yake kuomba matengenezo, kwa kuwa Kiingereza chake hakimfikishi mbali. Msimu wa baridi uliopita mbunge alikuja, akatikisa kichwa kwa huzuni, akapigwa picha jikoni na mama yule. Baadaye wakaja mafundi wawili. Hawakutafuta maji yanatoka wapi. Walifuta ukuta kwa kitambaa, wakapaka rangi nyeupe, wakaondoka. Haukupita muda kuvu ikarudi, na rangi ikaanza kuvimba.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mheshimiwa alisimama mbele ya skrini, mimi pembeni yake na kipaza sauti. Alianza na sheria inayomzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu. Nilitafsiri kwa furaha kabisa, maana ile ni sheria nzuri na watu walipiga makofi ya kweli. Akaendelea na lifti ya kituo cha treni. Makofi tena. Kisha akasema katika kikao hiki amesimamia matengenezo ya nyumba za serikali, na kwenye skrini ikatokea picha ya jirani yangu, anatabasamu jikoni kwake.

"Mama huyu," akasema, "mtoto wake alikuwa hapumui vizuri. Nilisimulia habari zake bungeni. Leo wanalala katika nyumba kavu na salama."

Nilishusha kipaza sauti kwa hasira. Jirani yangu alikuwa safu ya pili, binti yake kando, anakohoa.

"Mama, anasema nini juu yangu?" jirani akaniuliza kwa sauti. "Ile ni sura yangu."

Nikamtafsiria neno kwa neno. Yule msaidizi akaninong'oneza kwamba muhtasari tu unatosha, tusonge mbele. Nikamjibu kwenye kipaza sauti, ili kila mtu asikie, kwamba sikuitwa kutoa muhtasari.

Jirani yangu akasimama. "Umuambie mutoto wangu analala kwenye kanape ya sebuleni, kule chumbani kuko kunaoza. Umuambie akuje aone. Ni hapa tu, nyuma ya kanisa."

Nilitafsiri yote, na sikuipunguza sauti yake hata kidogo. Mheshimiwa akatabasamu, akasema ofisi yake italifuatilia, kwa sasa anasubiriwa kwingine.

"Anasubiriwa na nani kuliko mimi?" mama akauliza. Akatembea hadi mlangoni, akakishika kitasa, akangoja. Watu wote wakainuka. Nafikiri ni kule kuinuka kwa watu kulikomtoa pale, si aibu.

Tulikwenda kundi zima. Chumbani mama akakivuta kitanda kitupu cha binti. Mheshimiwa akagusa ukuta kwa kidole, rangi ikabanduka kipande kikubwa kama sahani. Chini yake kulikuwa kweusi na maji yanatiririka. Harufu ikamrudisha nyuma.

"Niliambiwa kazi imekamilika," akasema.

"Nani alikuambia?" nikamuuliza. Hilo halikuwa swali la mama, lilikuwa langu. "Ulisimama bungeni ukaitaja nyumba hii. Ungemuuliza anayelala humu."

Msaidizi wake akatoa simu apige picha, eti ya ushahidi. Mama akaweka kiganja mbele ya ile simu. "Hapana. Ile ya kwanza muliitumia vibaya."

Binti naye, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hukijibu kwa Kiingereza, akamwambia mheshimiwa kwamba kitanda ni chake na angependa kukilalia. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliozidi kunitia hasira.

Kabla mwezi haujaisha wakahamishiwa St Marys, katika nyumba kavu. Binti anapumua. Nimefurahi kwa ajili yao, na bado naona uchungu: amebadili shule, mama yuko mbali na sisi, na ilibidi mbunge mzima aumbuliwe mbele za watu ndipo bomba lililopasuka lionekane. Mafundi walipoubomoa ule ukuta, mmoja wao aliniambia maji yalikuwa yakivuja kwenye safu nzima ya nyumba zile.

Safu nzima. Nyumba ya mwisho anaishi mzee wa Kivietinamu, peke yake. Nilibisha hodi kwake jioni moja, akanionyesha ukuta wake, umepakwa rangi nyeupe ileile. Sikuelewa lugha yake wala yeye yangu, ila ukuta niliuelewa. Nikaomba ruhusa kazini, tukaenda wote wawili hadi ofisi ya mheshimiwa. Msaidizi alinitambua, akauliza kama tuna miadi.

"Hatuna," nikamwambia, nikamvutia mzee kiti.