Jiografia Yenye Joka

Juzi nilishuka mjini Wote kumtafutia mjukuu wangu kitabu. Yuko kidato cha pili, na siku hizi nikimtazama naona mgongo tu, kichwa kimezama kwenye maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Mwenye duka akaniuliza, "Ni setbook, mama?" Nikamwambia si setbook, si kile cha kutahiniwa. "Basi cha rivisheni?" Wala. "Sasa ni cha nini?" Nikamjibu, "Cha joka! Cha mfalme na watu wanaopotea msituni!" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nyama kwenye duka la misumari. Nilitoka pale nimewaka, rafiki yangu, na tangu hapo sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa.

Si yule kijana wa duka aliyenivuruga. Ni likizo moja ya Aprili, nyumbani kwetu Kasikeu, miaka ya sabini, nami niko kidato cha pili vilevile.

Shuleni kwetu ukikutwa na kitabu cha hadithi ilikuwa kama umekutwa na pombe. Madawati yalipekuliwa. Lakini mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mfupi aliyetembea kama aliyechelewa mahali, alizoea kutuambia, "Mnasoma kama mbuzi anayenyweshwa dawa, mdomo wazi, macho mmefumba." Siku ya kufunga shule alinipenyezea kitabu kinene, kurasa zimegeuka manjano. Akasema, "Kirudishe ukiwa umekimaliza. Ukikirudisha nusu, sikujui."

Baba yangu hakuingia darasa hata moja, na kitabu alikiheshimu kuliko padri. "Mtu hudanganya," alikuwa akisema, "kitabu hakidanganyi." Alikuwa amesema jambo jingine pia: namba yangu darasani ikishuka tena, naacha shule, naenda kwa shangazi kule Kikima kujifunza cherehani. Hisabati ilikuwa imenishinda, kwa hiyo niliyaogopa maneno hayo. Basi nikafanya nini? Nikakivika kile kitabu karatasi ya kaki, kama vitabu vyetu vyote vya shule, na juu nikaandika kwa herufi kubwa JIOGRAFIA.

Alasiri mama alitwanga mahindi ya muthokoi kuyatoa maganda, du, du, du, na mbaazi zikichemka jikoni mpaka harufu inakujia ulipo. Mimi nasoma kwenye kivuli cha nyumba. Baba akaja na mpini aliokuwa akiuchonga, akaketi. "Nisomee na mimi niijue dunia." Balaa ilianzia hapo. Nilimtafsiria kwa Kikamba, na kila joka lilipotokea nililiruka, maana joka litatafuta nini kwenye Jiografia? Kitabu kilisema joka limemeza mto mzima likajilaza chini ya mwamba. Mimi nikasema, "Mto wa nchi ile ulikauka, baba. Maji yakajificha chini ya mwamba, pale penye kona."

Mkono wake ukasimama. "Nchi hiyo iko upande gani?"

"Ng'ambo."

"Na wao walifanyaje?"

"Bado sijafika hapo."

"Basi soma, mwiitu wakwa, binti yangu. Soma haraka!"

Mvua ilikuwa imegoma misimu miwili. Mama aliondoka na punda alfajiri kutafuta maji, akirudi jua liko utosini. Mto wetu ulibaki mchanga mtupu, na kwa bahati yangu mbaya ulikuwa na kona, na kwenye kona palikuwa na mwamba. Unaona linakokwenda? Hata mimi nililiona. Neno moja tu lingetosha, baba, hii ni hadithi. Sikulisema. Niliogopa cherehani, Mungu anisamehe.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya mwethya, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na walikuwa waende kuchimba matuta kwenye shamba la jirani. Baba akawageuza njia akawapeleka mtoni. "Binti yangu amesoma," aliwaambia. Watu kama ishirini wakachimba chini ya mwamba tangu asubuhi, huku wakiimba. Mimi nawabebea uji. Shimo likafika kiunoni, likafika kifuani. Mchanga mkavu. Nyimbo zikaisha moja moja. Hapo jirani yetu mmoja, karani mstaafu aliyejua Kiingereza, akajifuta uso akasema, "Mzee, hebu tuletewe hicho kitabu."

Nilitumwa mbio, nikaenda mbio. Hata leo najiuliza kwa nini sikukitupa kichakani! Karani akafungua, akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Mzee, humu kuna joka."

"Joka gani?"

"Joka. Limemeza mto."

Mama mmoja alianza kucheka, na watu waliochoka hivyo wakishaanza kucheka hakuna wa kuwanyamazisha. Baba alikichukua kitabu, akakipangusa mchanga, akautazama ukurasa ambao hakuweza kuusoma. Akanipa. "Peleka nyumbani."

Njia ya mwongo fupi, nami nilingojea fimbo. Haikuja. Jioni aliniambia jambo moja tu, "Ungeniambia ni hadithi, ningekusikiliza tu." Pale sokoni aliitwa Mzee wa Joka mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hadithi zisubiri mtihani upite. Mtihani upi? Ukipita huu kuna mwingine nyuma yake. Sisi wakubwa ndio tuliofanya hadithi kuwa kitu cha kuficha, na mtoto akizoea kuficha atadanganya tu. Kitabu cha mjukuu nilikipata kwingine. Nimekiweka mezani, juu kabisa ya Hisabati. Mjukuu akasema, "Susu, sina muda." Nikamwambia, "Kurasa tano, na unisomee kwa sauti."

Kule Kasikeu kinu hakisikiki tena, mahindi yanakobolewa kwa mashine. Malori yamechota mchanga wa mto mpaka mwamba umebaki uchi. Kwenye mwethya siku hizi watu wanaulizana kwanza chai, yaani hela, iko wapi.

Kile kitabu cha mwalimu nilikimaliza Jumanne iliyofuata siku ile ya mwethya. Nikatoka nacho mkononi, nikasimama karibu na baba alipokuwa akiziba boma la mbuzi kwa miiba. Nilitaka aniulize kitabu kiliishaje, hata kwa hasira. Akaniuliza, "Hisabati je?" Nikasema naisoma.

Shule sikuachishwa. Nilimaliza, nikawa mwalimu, na baba akaishi kuona hayo yote na kuyafurahia. Lakini hakuniuliza tena ninasoma nini, hata siku moja. Nami kila nilipotaka kumwambia, aibu ilinizuia. Tulimzika hajui mto ule uliomezwa na joka ulirudije, na mimi nilikuwa najua.