Asali kwenye Glavu ya Matuš

"Sasa wewe Ludmila, huyo kaka yako utamwekea sahani mpaka lini? Wajukuu wako wanaogopa kukaa karibu na kile kiti."

Aliyeuliza ni Verona, jirani yake, mkesha mmoja wa Noeli, katika mji wao wa wachimba makaa huko Pennsylvania.

"Nionyeshe kaburi lake, nitaacha."

"Kaburi nitalitoa wapi mimi, mfukoni?" Verona akacheka, kisha akaona haya, akajifanya anapuliza supu.

Kaka huyo, Matuš, alikuwa mdakaji wa besiboli, mtu wa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira inayokuja kama mawe. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, serikali haikuitaka mikono yake. Ilitaka lugha ya mama yake. Akashushwa kutoka ndegeni kwa mwavuli huko Slovakia, kwa baba zake, akapeleleze katikati ya adui. Hakuonekana tena, akiwa hai wala maiti. Nyumbani ilibaki glavu yake nene ya ngozi, ya kudakia mipira.

Kwao, kila mkesha wa Noeli, kabla ya supu ya kabichi na uyoga, mwenye nyumba huchovya kidole kwenye asali akamchora kila mtu msalaba kwenye paji la uso, ili Mungu awakutanishe tena mezani mwakani. Matuš hakuwa na paji la kuchorwa, basi Ludmila akaichora glavu. Miaka thelathini na mmoja. Na kila alipoigusa aliikuta ina joto, kama mkono uliotoka humo sasa hivi. Hakumwambia mtu. Alisali tu.

Uzee ulipomwingia magotini, akakubali kuitoa glavu kwa makumbusho ya mji, watu wapate kumkumbuka Matuš katika sala zao. Siku ya kufungua maonyesho, Bwana Thornley, msimamizi wa makumbusho, akampeleka mbele ya kabati la kioo. Glavu ilikuwa inang'aa. Chini yake pameandikwa: Mdakaji na Jasusi.

"Umeona, Mama Hudak? Ilikuwa na madoa meusi yanayonata, sijui uchafu gani. Siku tatu nzima nimesugua. Yametoka yote!"

Ludmila aliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa baridi.

Mkesha uliofuata aliweka sahani kama kawaida, nyota ya kwanza ikatoka, akachora mapaji ya wajukuu. Kidole chenye asali kikabaki hewani, hakina pa kwenda. Hapo nyuma ya nyumba, penye theluji ambayo haijakanyagwa, ukasikika mpira ukiingia kwenye ngozi: pa! Kimya. Kisha tena: pa!

"Yesu na Maria," Verona akanong'ona. "Ludmila, nani yuko nje?"

Sikukuu zilipopita, Ludmila alikwenda kwa Bwana Thornley na kofia yake ya kanisani. Hakumlaumu.

"Naomba kila mkesha wa Noeli mnirudishie glavu jioni moja tu, niipake asali. Na mkiipokea, tafadhali msiifute."