Jozi Tatu za Soksi

Kosa langu la kwanza katika uvuvi wa barafuni, yaani kuvua kupitia tundu kwenye ziwa lililoganda, lilikuwa soksi. Nilivaa jozi tatu ndani ya buti zilizonitosha na jozi moja tu, na nikamwambia dada yangu afanye vivyo hivyo.

Nilikuwa nimejiandaa miezi miwili. Nilijifundisha kwa simu, ndani ya basi la kwenda chuoni, nikisimamisha video kila dakika ili niandike. Ningeweza kuwauliza wanafunzi wenzangu wa huku, Wamarekani ambao wamevua barafuni tangu utotoni, lakini sipendi kuonekana sijui. Nilitaka nijue kila kitu kwanza, ndipo niulize.

Kwa hiyo nilikuwa na orodha. Kekee ya mkono ya kutoboa barafu. Mtaimbo wa kugonga barafu mbele yako unapotembea, maana ncha ikipenya unarudi ulikotoka. Tepu ya kupimia unene. Chini ya inchi nne hukanyagi. Misumari miwili yenye mipini, ambayo unaining'iniza shingoni ili ukitumbukia uichome kwenye barafu na kujivuta. Meno ya chuma ya kufunga chini ya buti. Fimbo mbili fupi, mishipi, ndoano, funza wa chambo, ndoo mbili za kukalia. Kijiko cha kutolea vipande vya barafu kwenye tundu sikukinunua. Nilipokiona dukani katika mji wa Bloomington, nilikitambua: ni kile kile cha matundu ambacho dada hutolea maandazi kwenye mafuta. Nikachukua chake jikoni bila kumwambia.

Dada ni binti wa mama yangu mkubwa. Ni muuguzi, na ninaishi kwake, mtaa wa Phillips. Kwa miaka sita, baridi ya huku ameijua kati ya mlango na gari tu. Alikubali kuja Jumamosi yake ya mapumziko kwa sababu, alisema, amechoka kusikia habari za barafu kila tukila.

Tulipofika ziwani, upande wa mji wa Eden Prairie, nilianza kushusha mizigo. Alisimama kando, mikono mifukoni, akitazama.

"Si ulisema tunaenda kuvua?"

"Ndiyo."

"Mimi naona tunahama."

Nikatoboa tundu, nikapima: inchi saba. Nikatoboa la pili kuhakikisha, halafu la tatu, kwa sababu kipimo cha la pili kilipishana kidogo na cha la kwanza.

"Mdogo wangu, tunavua samaki au tunachimba visima?" Kisha akaona nilichoshika. "Na hicho si kijiko changu?"

Tulicheka. Tukakaa kwenye ndoo, tukateremsha ndoano. Upepo ulikuwa mkali. Baada ya kama nusu saa akasema, "Sisikii vidole vya mguu."

"Dakika moja," nikasema. Nilikuwa nikirekebisha kina cha chambo kama nilivyoandika kwenye daftari. Nikamwambia apigepige miguu chini. Akapiga. Muda si mrefu akasema tena.

"Tumevaa soksi tatu, dada. Haiwezekani."

Sentensi hiyo naionea aibu mpaka leo. Ukweli ni kwamba hata mimi vyangu sikuvisikia. Lakini kwenye orodha yangu, mbele ya neno "miguu", nilikuwa nimeweka alama ya vyema, na kwangu jambo hilo lilikuwa limekwisha. Zilipita dakika ishirini nyingine. Mara ya tatu hakusema. Aliinuka ili atembee, akayumba, akaanguka kwa magoti.

Hatua chache kutoka tulipokuwa kulikuwa na hema la mzee mmoja Mmarekani. Alikuwa na fimbo moja, ndoo moja na hita ndogo ya gesi. Nilimkokota dada hadi humo, na mzee akatutazama buti kabla ya nyuso.

"Soksi ngapi?" akauliza.

"Tatu."

Akatikisa kichwa. "Mguu ukibanwa, damu haifiki. Zivue."

Nilipomvua dada, vidole viwili vya mwisho vya mguu wake wa kushoto vilikuwa na rangi ya majivu, vigumu kama mshumaa. Nikanyoosha mkono nivisugue. Dada akaupiga.

"Usisugue! Unataka ngozi itoke? Na hiyo hita isogeze mbali. Fungua jaketi."

Akauweka mguu tumboni kwangu, chini ya fulana. Niliruka kwa baridi yake.

"Tulia," akasema. "Leo wewe ndiye jiko."

Mzee akageukia tundu lake, akatuachia nafasi. Sikufikiria samaki. Nilifikiria wodi ya dada, ambako anasimama saa kumi na mbili kwa siku, na Jumatatu iliyokuwa inakuja. Baada ya muda maumivu yalianza, akalia waziwazi, huku akiniambia kwamba yakiuma ni vizuri, maana yake damu inarudi. Rangi ilirudi pia. Tulipitia kliniki siku hiyo hiyo, wakasema hatapoteza kitu. Kidole cha mwisho kilikaa na ganzi wiki tatu.

Ndani ya gari, njiani kutoka kliniki, aliniuliza, "Nilikwambia mara ngapi?"

"Mbili."

"Mgonjwa akiniambia mara mbili kwamba hasikii mguu, nami naendelea kujaza faili, ungeniitaje?"

Nilisema samahani, akasema amesikia. Jumatatu alienda kazini na viatu alivyoazima kwa kaka yake anayeishi jirani, vikubwa kwake, ili visimbane vidole.

Tumerudi ziwani mara tano tangu hapo, kwa buti zilizozidi saizi moja na jozi moja ya soksi za sufu. Natoboa tundu moja, napima mara moja. Mmoja wetu akisema anahisi baridi, tunakunja mishipi na kuondoka, na simuulizi ni baridi kiasi gani.