Sori ya Mama

Juzi nilisoma kwenye kamusi kwamba sori, lile neno la Waingereza la kuomba radhi, lilizaliwa na neno lao la kale lenye maana ya maumivu. Nikamkumbuka mama, alasiri moja ya theluji, akipiga deki kwenye lango la ghorofa letu kule ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park. Palinuka sabuni na viatu vilivyolowa. Bibi mmoja, jirani yetu, aliingia kutoka nje, akateleza, akaanguka kwa kishindo.

“Sori, bibi, sori,” mama alisema, akipiga magoti kando yake.

Msimamizi wa jengo alitoka ofisini. “Kwa hiyo unakubali kosa ni lako?”

“Hapana. Nimesema sori kwa sababu ameumia.”

Mimi, niliyejiona bingwa wa Kiingereza, nilimvuta sweta. “Mama, nyamaza. Ukisema sori umekiri. Watakufukuza kazi.”

Niliamini hivyo kabisa. Sikujua kwamba alikuwa akimpa yule bibi pole.

Mama alimtazama msimamizi usoni, kisha akamwinamia bibi na kulirudia neno lile kwa sauti iliyofika hadi kwenye lifti. Bibi alimshika mkono, asiuachie mpaka machela ilipokuja. Msimamizi alirudi ofisini bila kuuliza tena.