Niliyebishana naye kuhusu nyuklia ndiye aliyeniwashia sola ya kituo

Wakuu, salamu kutoka Itilima, mkoani Simiyu.

Nimekaa na hili jambo kwa muda nikijiuliza niliweke humu au nilimeze. Nimeona niliweke, maana lilianzia humu humu. Ni kweli tupu. Mhusika mwenzangu naye ni member na amenipa ruhusa, kwa sharti nisitaje jina lake. Nikiongeza chumvi atanisahihisha hapo chini mbele yenu, na mnaomfahamu mnajua hana huruma kwenye kusahihisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni tabibu, kijana wa Njombe, ajira ikanileta huku Usukumani. Nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Mwamapalala, jina nakihifadhi. Wananchi wananiita daktari, nimeshachoka kuwaeleza tofauti.

Jioni nikitoka kazini burudani yangu ni jukwaa la teknolojia. Magari ya umeme, akili mnemba, satelaiti za intaneti, kote nipo. Ila uzi wangu mkuu ulikuwa ule wa nyuklia na nishati jadidifu. Wengi mliuchungulia mkakimbia kwa urefu wake.

Mimi nilikuwa mtu wa jua. Mtu wa Njombe ukikaa Simiyu mwezi wa tisa utaelewa kwa nini. Jua la huku halichezi. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: tuna jua la bure na upepo wa bure, kinu cha nyuklia cha nini?

Upande wa pili alikuwepo member anayejiita KinuKikuu.

Huyu mtu alikuwa haachi kitu. Ukisema jua, anakuuliza usiku utafanyaje. Ukisema betri, anakuuliza umewahi kutunza betri wewe. Ukisema taka za mionzi, anakuandikia makala nzima jinsi zinavyohifadhiwa, halafu anamalizia kwamba urani ipo ardhini kwetu huko kusini na tunaiogopa kama jini. Kuna siku aliniandikia hivi: "Tatizo la sola yenu sio jua. Ni betri. Betri moja ikifa inawavuta wenzake kaburini, na ninyi mnalilaumu wingu."

Nilimjibu kwa aya nne. Akajibu kwa sita. Tukaenda hivyo miezi.

Picha niliyokuwa nayo kichwani ni jamaa wa mjini, miwani, yuko kwenye kiyoyozi mahali fulani Dar au ughaibuni, hajawahi kukanyaga vumbi la Simiyu.

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi upepo ulivuma vibaya sana, nguzo zikaanguka huko njiani, umeme wa gridi ukakatika. Hatukushtuka. Kituo kina sola kwa ajili ya siku kama hizo. Tukahamia kwenye sola, kazi zikaendelea.

Wodini tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, nitamwita Kabula. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Nimonia kali. Kifua kilikuwa kinabonyea kila anapovuta pumzi, pua zinapanuka, hana hata nguvu ya kulia. Tulimweka kwenye mashine ya oksijeni, ile inayochuja hewa ya kawaida na inayotaka umeme muda wote. Alianza kutulia. Mama yake, dada mmoja wa familia ya wafugaji, alikuwa amemshika mguu tu.

Kabla ya saa sita mchana inverta, ile inayogeuza umeme wa betri uendeshe mashine, ikapiga kelele, taa nyekundu ikawaka, kila kitu kikazima.

Nje jua linachoma mpaka mabati yanalia. Ndani hakuna umeme.

Muuguzi wetu, Sista Rehema, alikimbilia mtungi mdogo wa akiba. Ulikuwa na gesi, ila mshale ulikuwa umeshaanza kuikaribia nyekundu. Tukamuunganisha mtoto pale. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Gari lipo Bariadi, limempeleka mama mwenye uchungu pingamizi, litarudi likishamshusha. Nikampigia fundi anayetuhudumia. Yupo semina mkoa mwingine, ananiambia nizime na kuwasha. Nikazima, nikawasha. Inverta ikalia tena ikafa.

Bibi yake Kabula alikuwa mlangoni. Aliniambia kwa utaratibu tu, bila ugomvi, kwamba mashine kuzima yenyewe jua likiwa linawaka hivi sio jambo la bure, kuna mkono wa mtu. Akaomba ampeleke mjukuu wake kwa mtaalamu wake wa miti shamba.

Nilimwambia, "Mayu, mama yangu, nipe muda kidogo. Nikishindwa nitakwambia mwenyewe."

Wakuu, nilivyosema vile sikuwa na mpango wowote.

Nikiwa nimesimama mbele ya ile inverta, yakanijia yale maneno ya betri moja kuwavuta wenzake kaburini. Nikatoa simu, nikafungua PM, nikamwandikia KinuKikuu. Sikumsalimia. Niliandika kwamba mimi ni tabibu, nina mtoto kwenye oksijeni, sola imezima jua likiwaka, naomba msaada, namba yangu hii hapa.

Simu iliita kabla sijairudisha mfukoni.

"Ni KinuKikuu hapa."

Sauti ya mwanamke. Na nyuma yake kichanga kinalia.

Nikajikuta namwambia, "Samahani dada, natafuta mwenye akaunti."

"Ndiye mimi. Huyo mtoto ana oksijeni ya muda gani?"

"Sijui. Mtungi unaisha."

"Sawa. Sasa hivi usinieleze kitu kingine. Zima kila kinachotumia umeme wa sola. Friji ya maabara, taa, kompyuta, chaja za simu za watu, zote. Halafu nipigie picha chumba cha betri."

Nilifanya. Akaziangalia picha, akauliza kama kuna mtu ana mita ya kupimia umeme. Hapo sokoni kuna fundi simu, Shija, tukamwita. Alikuja mbio na mita yake na spana.

Dada akatuongoza kwa spika ya simu. Sauti yake haikupanda hata mara moja. Alikuwa anambembeleza mtoto wake huku anatuelekeza, unamsikia anasema "nyamaza mama, nyamaza," halafu hapo hapo, "Shija, usiguse bado."

Alitutaka tuzime inverta, tukate swichi ya paneli, tuzungushie tepu mpini wa spana isije ikagusa pande mbili ikatuunguza. Kisha tufungue waya na kupima kila betri peke yake.

Betri zilikuwa nne. Tatu zilikuwa zimechoka ila hai. Moja ilikuwa chini kabisa.

"Huyo ndiye marehemu," akasema. "Na aliyefungwa naye pamoja itabidi atoke pia, hata kama ni mzima, maana wanafanya kazi wawili wawili. Bakini na hao wawili wa upande wa pili."

Shija akafungua, akafunga. Tukawasha kwa mpangilio aliotaka: betri kwanza, paneli zifuate, inverta mwisho. Taa ya kijani ikawaka. Nikakimbia wodini, nikawasha mashine ya oksijeni.

Ikavuma kidogo, ikazima.

Sista Rehema alinionyesha mshale wa mtungi kwa kidole, hakutaka kusema mbele ya mama.

Nikarudi kwenye simu, nikamwambia imekataa.

"Haijakataa," akasema. "Betri zina njaa, na mashine inapoanza inameza kwa pupa. Zipe jua kwanza. Hizo paneli zilifutwa lini?"

Nikamuuliza Shija. Shija akatoka nje, akachungulia juu, akarudi anatikisa kichwa. Vumbi la kiangazi chote, na ule upepo wa asubuhi ulikuwa umeongeza lake. Zilikuwa na rangi ya ardhi.

"Futeni. Kitambaa kibichi, msimwage maji, kioo kina moto kitapasuka."

Paneli zetu zipo juu ya bati la jengo la mapokezi. Shija akapanda. Watu waliokuja kliniki wakaanza kupokezana ndoo bila kuambiwa. Nilipotazama vizuri nikaona bibi yake Kabula ameshafungua kitenge chake cha juu, amekilowesha, anamrushia Shija afutie. Hakuna aliyemwomba.

Dada akaniambia nikae na mgonjwa, nisubiri, nisiwashe mpaka atakaposema. Shija alikuwa anamsomea mita kutoka chumba cha betri. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto. Yale ndiyo yalikuwa marefu kuliko kitu chochote nilichowahi kusubiri, na nimewahi kusubiri majibu ya ajira, mnanielewa.

Mtungi ukaanza kutoa sauti nyembamba.

"Washa," akasema.

Ikavuma. Ikaendelea kuvuma. Nikasimama pale nimeshika ukingo wa kitanda, nikisubiri izime, haikuzima. Rangi ya midomo ya Kabula ikaanza kurudi. Mama yake akaniangalia usoni kuona kama anaruhusiwa kupumua.

Nikarudi kwenye simu. Nikaanza kumshukuru. Akanikatisha, "Daktari, hizo mbili hazitafika mbali jua likizama. Hilo gari lije kabla." Akakata, mtoto wake alikuwa anataka kunyonya.

Gari lilifika jua likiwa bado lipo, likiwa na mtungi uliojaa. Kabula akapelekwa hospitali Bariadi. Wiki iliyofuata alirudi mgongoni kwa mama yake, anavuta hereni za watu.

Sasa kuhusu huyu dada.

Ni injinia wa umeme. Kazi yake ipo mbali na huku, alikuwa likizo ya uzazi. Na alikuwa likizo wapi? Kasoli. Kwao. Binti wa wakulima wa pamba, Msukuma kabisa. Muda wote nilipokuwa namwandikia kwamba watu wa mjini hawaijui hali ya Simiyu, nilikuwa namwandikia mzaliwa wa Simiyu, na mimi ndiye mgeni. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kunirekebisha, alisema hoja yangu ilikuwa mbovu hata bila hiyo.

Baada ya siku kadhaa alikuja kituoni na gari la baba yake, mtoto mgongoni. Hakuitwa na mtu. Alikagua mfumo mzima, akamwandikia mganga mfawidhi wetu nini kibadilishwe, akamfundisha Shija jinsi ya kuzipima na kuzisafisha. Leo Shija ndiye tunayemwita. Betri mpya zimeshafika.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki, na mama Kabula alikuwepo na mwanawe. Alipoambiwa huyu ndiye aliyekuwa kwenye simu, alimkabidhi Kabula kwa bibi yake, akamfuata injinia, akampokea kichanga chake mgongoni, akajifunga yeye. Akakaa naye muda wote dada alipokuwa ameinama kwenye betri. Hata nepi alimbadilisha mwenyewe, wala hakuuliza. Nilitazama nikaenda kujifanya napanga dawa.

Mchana tulikaa kivulini mwa jengo tunakula viazi vitamu. Kama kawaida tukaanza. Mimi nikasema si unaona, jua ndilo lililomwokoa mtoto. Yeye akasema jua lilikuwepo tangu asubuhi na mtoto nusura aende, mtoto ameokolewa na matunzo, na tungekuwa na umeme wa uhakika kutoka kinu kikubwa na nguzo imara tusingefika huko. Nikamwambia nyuklia nayo ingepita kwenye nguzo hizo hizo zilizoangushwa na upepo. Tukapandishana.

Mama Kabula akamuuliza kwa Kisukuma tunagombania nini. Injinia akamweleza kwa urefu kidogo. Yule dada akafikiri, akajibu, na injinia akacheka mpaka kichanga kikashtuka.

Nikaomba tafsiri.

"Anasema, kumbe wote wawili mnataka taa isizime. Basi gombaneni tu, ila mkiwa karibu karibu."

Wakuu, mimi sijahama upande. Bado ni mtu wa jua, na KinuKikuu bado ananichapa kwenye ule uzi, nendeni mkaone. Ila nimejifunza kwamba nyuma ya ID unayobishana nayo kuna mtu, na huenda anachokijua ndicho utakachokihitaji siku yako ikifika. Yote aliyowahi kuniandikia kwa ukali yalikuwa ni elimu, na mimi niliipata bure.

Dada, najua unasoma. Wabeja sana, asante mno. Familia ya Kabula inakusalimu, na kituo kizima kinakusalimu.

Wengine, kama kuna mtu humu mliyekuwa mnavutana naye akaja kuwafaa, mtajeni hapo chini, naye asome. Na kama kituo chenu au shule yenu ina sola, kesho mchana hebu angalieni hali ya betri na vumbi la paneli kabla hamjaja kuniambia nani ameshinda mjadala.

Karibuni.