Swichi Ishirini na Kitu

Nilipomaliza masomo ya jioni nilijiona nimeijua kompyuta mpaka yenyewe ikaanza kuniamkia. Chuo kidogo cha Pasua, chenye mashine sita na feni moja, kikaniamini upesi mno kuwa mwalimu. Mkuu wa chuo akanipa kazi: niandike kwa Kiswahili karatasi ya swichi za kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Swichi ni vile vijiherufi vyenye kistari mbele, unavichapa ili kuiambia kompaila ifanyeje kazi. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, kinene kama godoro.

"Umezijaribu zote?" mkuu aliniuliza nilipomaliza.

"Moja moja, mkuu. Nyingine mara mbili."

Nilikuwa nimejaribu tatu. Zilikuwa ishirini na kitu. Karatasi ikawekewa plastiki, ikabandikwa ukutani. Na kwetu karatasi yenye plastiki haibishiwi. Watu waliisoma wamevua kofia.

Aliyeiheshimu kuliko wote alikuwa mwanafunzi wetu, mama mmoja kutoka Masama, katibu wa mfongo wa kwao, yaani mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi kwenye migomba na kahawa. Kila kaya ina zamu yake ya maji, na kila kiangazi zamu ziligombaniwa. Mama akaamua kuandika programu ya kuzipanga. Aliwaahidi wazee wa mfongo orodha iliyochapwa, Jumamosi. Wazee wakamwambia isipofika, ukatibu auache.

Alhamisi asubuhi akaniita. "Mwalimu, hebu njoo. Nimefuata karatasi yako, sasa sioni kitu."

Faili la programu yake, kazi ya wiki tatu, lilikuwa limejaa alama za ajabu ajabu. Nikatazama ukutani, jasho likanitoka la kujaza ndoo. Swichi ya -o huiambia kompaila iweke matokeo kwenye faili gani. Katika mfano wangu nilikuwa nimeandika jina la faili lile lile mara mbili: soma humu, mwaga humu humu. Mama alifuata mfano neno kwa neno, na kompaila ikayafunika maandishi yake kwa matokeo.

Nikamweleza.

"Yaani umeyarudisha maji kwenye chemchemi, yakaifukia kwa tope."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo swichi uliijaribu?"

"Hiyo... hapana."

"Ulijaribu ngapi, baba?"

"Tatu."

Alicheka mpaka feni ikasita. "Mwanaume mzima! Mimi supu ya mtori tu naonja kabla sijampa mtu. Haya, kaa hapo. Chapa."

Programu ilikuwa kichwani mwake. Aliitamka mstari kwa mstari, kaya kwa kaya kuanzia ya juu kabisa, nami nachapa siku mbili nzima vidole vikivimba kama ndizi. Akichoka kutamka, alisimama mbele ya karatasi akiwa na kalamu ya wino mzito.

"Hii -c inafanya nini?"

"Inatafsiri faili bila kuliunganisha na mengine."

"Sijakuuliza umeandika nini. Nionyeshe."

Tulizipitia zote. Nne nilikuwa nimezieleza uongo mtupu. Mkuu alipopita akaona karatasi yake ya plastiki imechorwa kalamu, alitaka kusema neno. Mama akamtazama, naye mkuu akaendelea na safari yake.

Ijumaa alasiri tukafika kwenye -o.

"Jina hili jipya, kuna faili linaloitwa hivyo?"

"Halipo, mama."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena. Orodha ikatoka.

Jumamosi akanibeba hadi Masama, nijibu nikiulizwa. Niliwaamkia wazee shikamoo za kutosha kijiji kizima. Mmoja akapitisha kidole kwenye orodha, polepole, hadi kwenye jina lake.

"Mimi mmenipa Jumapili, saa ya misa."

Mama akachukua kalamu, akakata. "Chukua zamu yangu ya Jumatatu, baba. Mimi nachukua yako, nitasali misa ya kwanza."

Mzee akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. "Haya, katibu," alisema. Kisha akanigeukia. "Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyeandika maelezo ya mashine."

"Ni ya kweli?"

"Tangu jana," mama akajibu.