Asubuhi Niliyovaa Namba Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni, mche wa sabuni na gunia la jezi zilizojaa tope la Mwea. Ilikuwa timu ya wanaume wa kinu cha mpunga. Msimamizi wa kinu aliniambia, "Mama, zikirudi na tope usinionyeshe uso." Nikaanza kusugua palepale, tope likazidi kuingia. Kumbe lile tope jeusi unaliacha likauke, unalipukuta, ndipo maji yafuate. Hakuna mtu alinifundisha. Shule niliachia darasa la tatu, na hapo mama yangu wa kambo anahusika, lakini tumwache alale.

Mwea jua ni la bure. Nyeri, nilikohamia kufulia timu ya wasichana, jua unaliomba. Mwezi wa Julai ukungu unashuka kutoka milima ya Aberdare na haukumbuki kurudi. Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mko na mashine. Sisi tulikuwa na kamba. Jezi unaigeuza ndani nje kabla ya kuifua, ili namba ya mgongoni isibanduke. Huikaushi juu ya moto wa jikoni, moshi utaipa rangi ya chai. Pasi ya makaa nayo inayeyusha namba. Meneja wetu alijaribu siku moja, nane ikawa kama chapati.

Halafu Julai moja tukaandaa mashindano ya mwaliko ya wanawake. Mwaliko maana yake hamfuzu, mnaitwa tu, kama harusi. Wakaja wasichana wa Uganda, Rwanda na Tanzania. Wale wa Tanzania walitusalimia kwa Kiswahili kitamu mpaka nikaogopa kufungua mdomo.

Mshambuliaji wetu alikuwa Nafula, binti wa polisi, watu wao ni wa magharibi, lakini mimi aliniita Shosho, bibi kwa Kikuyu, kama wajukuu wangu. Baba yake alikuwa amepata uhamisho wa kwenda kaskazini, mahali hakuna timu ya wasichana. Kocha wa klabu moja ya Tanzania alikuwa amesema atamtazama mechi ya mwisho, na akimfaa, anaondoka naye. Kwa hivyo mechi hiyo ilikuwa kila kitu kwake. Mimi nilijua ataenda tu, huku ama kule.

Asubuhi ya mechi, jezi nyeupe nilizofua jana yake zilikuwa mbichi kabisa. Za buluu zilifanana na za wageni. Stima ilikuwa imepotea, hata pasi ya umeme haingesaidia. Kamishna wa mechi, yule mkubwa anayekagua kila kitu, akazishika akatikisa kichwa. "Msichana akishikwa na baridi ni juu yangu. Nikirudi nikute kavu, ama mechi ni ya wageni."

Nafula alikaa juu ya ndoo. Halafu akasema, "Shosho, si nivae tu hivyo?"

"Vaa umwone akikutoa."

Akina mama wa soko la Giakanja walikuwa wameleta mboga za kupikia wageni. Mmoja, Mama Wangeci wa kabeji, akasema, "Yunifomu ya mtoto ikikosa kukauka, mimi huilalia."

"Usiku umeisha, Mama Wangeci."

"Na mwili umeisha?"

Basi tukaingia stoo, kila mmoja akavaa jezi mbichi kwenye ngozi, sweta juu. Mama Zuhura wa mahamri, Mwislamu wa hapo mjini, akavaa ya kipa ndani ya buibui. "Leo kwangu hakuna kitu inapita," akasema. Mimi nikachukua tisa, ya Nafula. Ilinishika mgongoni nikasahau jina langu.

Tukazunguka uwanja tukiimba na kucheza ili mwili upate moto. Wageni walidhani ni sherehe ya kuwakaribisha, wakatoka kucheza na sisi. Mimi utotoni nilikatazwa mpira, ati msichana akipiga mpira hatazaa. Nimezaa mpaka nikachoka. Lakini nilipopita mbele ya goli, miguu ilitaka kitu, na sikuwa na cha kuipa.

Tulipozivua, kamishna akarudi, akazishika tena. "Zina joto," akasema.

"Sisi hatukuulizwa joto," Mama Zuhura akamwambia. "Ni kavu ama si kavu?"

"Ni kavu."

Nafula alifunga bao moja, akakosa lingine la wazi kabisa. Ilitosha. Siku ya kuondoka alinikumbatia akasema, "Shosho, ile jezi ilikuwa inanuka wewe."

"Nanuka aje?"

"Vitunguu na sabuni."

Nilistaafu vidole vilipokataa kukamua. Sasa niko Mweiga kwa binti yangu, na ng'ombe wake wenye maringo. Mashindano yale hayajarudi, na Julai ikifika huwa najikuta nikiangalia ukungu kama mtu aliye na kazi. Binti yangu hunionyesha Nafula kwenye simu, akicheza huko Tanzania na jezi ya kijani. "Mama, ona vile anakimbia." Mimi huona mgongo wake. Huko jua ni kali, jezi inakauka hata hujamaliza kuianika. Hakuna mtu anahitaji kuivaa kwanza.